Vitu vya Kyungu

Nyumba aliyopanga Graciella katika mtaa wa Golf ilikuwa na vyumba viwili vya kulala. Kimoja alilala yeye. Cha pili vililala vitu vya Kyungu.

Kyungu ni pacha wake. Kwa Waluba wa Katanga, hao wa kaskazini ambao mababu zao walikuja Lubumbashi kutandika reli na kuchimba shaba, mapacha hawaumizi mtu kichwa kwa kutafutiwa majina. Anayetangulia ni Kyungu, anayefuata ni Kabange, imekwisha. Padri akija ataongeza ya ubatizo, na ndivyo nyumba ya Mama Marie-Thérèse wa mtaa wa Hewa Bora ilivyopata Abigaïl Kyungu na Graciella Kabange. Halafu kuna sheria moja ambayo hata mlevi wa kutupwa anaijua: mapacha hawapewi kimoja. Ukimpa Kabange kitambaa, utampa na Kyungu kitambaa. Ukisahau, aliyenyimwa ataugua, ama utaugua wewe uliyesahau. Hapo wazee hawakubaliani, lakini sijamwona aliyetaka kujaribu ili tupate jibu.

Sasa wewe simama jukwaani ujiite Kabange, uone. Jina lenyewe linakusema. Kila aliyelisikia alijua kwamba Kyungu yuko mahali fulani, na kila aliyempenda mwimbaji alimletea viwili. Mwaka mzima vililetwa viwili viwili, na mwaka mzima Graciella alitumia kimoja na kukifungia kingine katika chumba kile. Alijiambia kwamba anamtunzia dada yake. Alijiambia hivyo tangu mwezi wa nne, na tangu mwezi huo huo dada yake hakusema naye hata neno.

Asubuhi ya tarehe thelathini na moja Desemba alifungua mlango wa chumba, akasimama. Kwanza ikamfikia harufu ya samaki. Hao walikuwa wa Pweto, wakavu, wamefungwa kwa majani na kamba, wanawake wa sokoni walimpa mafungu mawili baada ya kuimba kwenye sikukuu yao, mwezi wa nane, wakamwambia, “Hii ya weye, hii ya Kyungu. Usikule zote!” Akacheka nao, akapiga nao picha. Juu ya samaki kulikuwa na yai la malakiti, jiwe la kijani lililosuguliwa likang'aa, la wachimbaji wa Kambove. Yai la pili, pacha wa hilo, lilikaa sebuleni kwenye meza ya kioo. Kulikuwa na kikwembe, kitenge cha rangi ya chungwa kutoka harusi ya Kasumbalesa, viatu vya kisigino ambavyo havikutoka kwenye boksi, mwavuli, sufuria yenye kifuniko, na mdoli aliyeletwa na mtoto mmoja mdogo sana. Mtoto yule alikuwa na midoli miwili tu duniani na akaitoa yote.

Huo ndio ulikuwa mwaka wa Graciella. Magazeti ya mjini yaliandika kwamba ulikuwa mwaka wake, na saa tisa mchana huo alingojewa kwenye redio moja ya mjini aueleze kwa wasikilizaji. Angesema kwamba amekomaa. Alikuwa amelipenda neno hilo, akilitumia kwenye kila mahojiano. Na si uongo, alikuwa amejifunza mambo. Alijua sasa kuendesha gari. Alijua kumkatalia mtu bila kuomba radhi. Alijua kuingia mkahawani peke yake, akaagiza, akala, akainua macho na kumwona mtu akimtazama, asione haya. Watu waliposema “peke yake” walidhani ni sifa.

Wimbo uliomfikisha hapo unaitwa “Ndoo Moja”, na hakuna aliyeutunga, ama wote wawili waliutunga. Walipokuwa wadogo walikwenda pompani na ndoo moja kubwa, kila mmoja akishika upande wake wa mkono wa ndoo. Ukinyanyua kabla mwenzako hajashika, maji yanakumwagikia miguuni na mama anakungoja nyumbani na mwiko. Kwa hiyo Kabange aliuliza, kwa sauti ya juu: Umeshika? Na Kyungu akajibu, kwa sauti ya chini: Nimeshika. Wakanyanyua. Wakaimba hivyo njia nzima, kisha kanisani, kisha kwenye harusi na matanga ya mtaa, mpaka walipokuwa wanawake wazima na watu wakawaita kwa jina moja tu, Mapasa, yaani Mapacha.

Mwezi wa tatu wakapata siku ya studio kwa Guelord, mtayarishaji aliyebandika sponji za godoro kwenye kuta za chumba cha nyuma ya duka la dawa. Asubuhi ya siku hiyo presha ya Mama Marie-Thérèse ikapanda, akaanguka uani. Dada wawili wakatazamana. Abigaïl akasema yeye ataenda na mama hospitali, Graciella aende akamwambie Guelord awangoje. Graciella akaenda. Guelord hakupenda kungoja.

“Ingiza na deuxième voix,” Guelord akamwambia. “Ni ya kupimia tu. Kyungu akikuya, tutaitosha, tutaweka ya yeye.”

Akaiingiza sauti ya pili. Guelord akabonyeza, wakasikiliza. Na hapa tuseme ukweli, maana hadithi inayokwepa ukweli ni porojo: aliipenda. Alijisikia akiuliza na akajisikia akijibu, na katikati hapakuwa na mtu wa kuchelewa, wala wa kukohoa, wala wa kumwambia, “Umepandisha mno, shuka.” Mama alipotoka hospitali na Abigaïl akaja studio na leso yake kichwani, Guelord alisema wimbo umekwisha tumwa kwa maredio. Akamtazama Graciella amsaidie maneno. Graciella alitazama sponji za ukutani. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, lakini hawakutuambia la kufanya pale jino la pembe linapopendeza kuliko la zamani.

Mwezi wa nne Abigaïl aliusikia wimbo sokoni, akinunua chumvi. Akapiga simu.

“Kabange, ule anaimba deuxième ni nani?”

“Ni miye, Yaya.” Ndivyo Graciella alivyomwita dada aliyemtangulia kuzaliwa.

“Na première?”

“Ni miye.”

“Bon,” Abigaïl akasema, akakata.

Miezi ikapita, na Graciella angeweza kuendelea hivyo, viwili viwili, kimoja chumbani, kama si usiku ule wa tuzo katikati ya Desemba. Walimpa msalaba wa shaba, ule wa Katanga, umechongwa jina lake. Ukumbi ulipiga makofi. Makofi yalipotulia, mzee mmoja wa safu za nyuma, mwenye kofia, akasimama na kuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya kitu, “Na ya Kyungu?” Watu wakacheka. Mshereheshaji akasema Kyungu atapata mwaka ujao. Graciella naye akacheka, akashuka na msalaba mmoja mkononi, akauona mzito. Mwaka mzima hata mtoto wa midoli alikuwa ameifuata sheria, na yeye mwenyewe, pacha, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuivunja. Akaamua kwamba mwaka hauishi kabla hajampelekea dada yake vilivyo vyake.

Ndiyo maana asubuhi hiyo alipakia. Alijaza buti, akajaza kiti cha nyuma, samaki akawaweka mbele pembeni yake. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha udongo mwekundu, na Hewa Bora ilimpokea kwa matope yake yote. Wenye kumtambua wakapunga mikono. Akapunga naye, huku akiiogopa nyumba aliyozaliwa.

Mama alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda anachambua majani ya muhogo ya kupikia sombe. Barazani Abigaïl alikuwa kwenye cherehani. Ndiyo kazi yake, na siku hiyo nusu ya mtaa ilikuwa ikingoja nguo za mwaka mpya. Hakuinuka.

“Eh! Bamapasa bangu!” mama akasema. Huwaita hivyo hata akija mmoja. “Karibuni, karibuni.”

Graciella akasalimia, akaulizia presha ya mama. Kisha, kwa sababu hakujua lingine la kufanya, akaanza kushusha. Alishusha sufuria, akashusha viatu, mwavuli, mdoli, akavipanga barazani miguuni pa dada yake mpaka pakakosa pa kukanyaga. Cherehani haikusimama. Alipoleta samaki ndipo ikasimama.

“Ni nini hii?”

“Ni bintu byako, Yaya. Bantu balikuwa banaleta bibili bibili. Niliweka byako byote. Hata kimoja sikukigusa.”

Abigaïl akakiokota kikwembe cha rangi ya chungwa. Alikikunjua, akakipima kati ya vidole viwili kwa mkono wa fundi, akakinusa.

“Kiko kizuri,” akasema. Graciella akaanza kupumua. Lakini Abigaïl alikikunja tena, polepole, kona kwa kona, akakirudisha juu ya sufuria. “Balikipatia nani?”

“Weye. Kyungu.”

“Balikuwa banashukuru nani? Si bale babili banasikia mu mwimbo?”

“Ndiyo.”

“Basi bale babili ni weye.” Hakuwa amepandisha sauti, sauti yake haipandi, ndiyo maana ilikuwa ya pili. “Miye sikuimba. Bintu bya mwenye aliimba, nitabikula namna gani? Kyungu wa ule mwimbo iko ku nyumba yako. Umupatie yeye.”

“Ni Guelord alisema ni ya kupimia—”

“Guelord hakukala na siye mu tumbo ya mama.”

Mama aliendelea kuchambua majani. Mapacha wakigombana mama hachagui, na yeye alikwisha lijua hilo tangu wakiwa wa kunyonya, mmoja titi hili, mmoja lile.

“Unazani nilikasirika juu ya redio?” Abigaïl akauliza. “Ao juu ya sifa? Ile siku nilikuwa ku hospitali, nashika mama mukono. Alikuwa anauliza, na studio? Nilimwambia, alale, Kabange ataningoyea. Nilimwambia ile maneno siku muzima, Kabange. Siku muzima.”

Graciella aliona aibu. Yote aliyojifunza mwaka huo, kukataa, kuagiza, kutazama watu machoni, hakuna hata moja lililomfaa pale barazani.

“Unataka nifanye nini, Yaya?”

Abigaïl aliirudisha nguo ya mteja chini ya sindano.

“Pale pangu mu mwimbo,” akasema, “utoshe muntu. Hata weye mwenyewe utoke. Pabakie wazi.”

Cherehani ikaanza tena, na ndivyo alivyoagwa. Mama akainuka, akampa njugu za kuchemsha zilizofungwa kwenye karatasi, kisha akageuka akampa Abigaïl fungu kama lile lile. Graciella akaanza kurudisha vitu garini, kimoja kimoja. Mvua nayo ikaanza. Alikuwa ameikumbatia sufuria, mdoli ndani yake, nywele zimemnatia usoni, wakati msichana mmoja wa jirani alipokuja mbio na simu.

“Kabange! Photo moya tu, tafazali!”

Akasimama. Akatabasamu. Picha ile ipo mpaka leo kwenye simu za watu, na wanasema alipendeza.

Saa tisa alikuwa redioni, samaki wakiwa bado garini. Élie, mtangazaji, ana sauti nene na moyo mwepesi. Alimvutia kiti, akampa maji. Akauelezea mwaka wa mgeni wake kwa fahari, kana kwamba ulikuwa wake mwenyewe: Kambove, Pweto, tuzo, harusi zote za mji zilizofunguliwa kwa “Ndoo Moja”.

“Kabange, mwaka ya kukomaa, si vile? Ulijifunza nini ya kwanza?”

Jibu la gari na mkahawa lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza.

“Nilijifunza kukala peke yangu,” akasema. “Haiko kitu ya kusifia.”

Élie akacheka, akidhani ni utani wa watu mashuhuri, akasema basi wasikilizaji wafungiwe mwaka kwa wimbo wenyewe, hapa hapa, moja kwa moja. Fundi mitambo nyuma ya kioo akauanzisha muziki. Graciella akainua mkono.

“Uikate. Nitaimba bule, bila muziki.”

Akaimba. Bila gitaa wala ngoma, sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko watu walivyoizoea. Aliimba njia ya pompani, akaimba matope, akaimba mama na mwiko. Akafika pale. Umeshika? akauliza. Akanyamaza.

Redio huogopa kimya kuliko inavyoogopa matusi. Fundi aliinuka kwenye kiti. Élie, ambaye kama mji mzima alilijua jibu, alikwisha fungua kinywa alitoe, na Graciella akamzuia kwa kiganja. Wakakaa hivyo. Muda ambao jibu la “Nimeshika” lingeuchukua ulipita mtupu, na yeye akausikia wote. Akaendelea na ubeti wa pili. Akafika tena, akauliza tena, akanyamaza tena. Sauti ikakwaruza mwishoni, akamaliza hivyo hivyo.

“Bantu banaandika,” Élie akasema haraka, akitazama simu yake. “Banasema umesahau mwimbo yako!”

“Sikusahau. Pale ni pa Kyungu. Ile munasikia mwaka muzima, nilijijibia miye mwenyewe. Ilikuwa uongo.”

Élie akaweka tangazo la mabati.

Guelord alipiga simu mpaka Graciella akazima mlio wake. Alirudi Golf jioni, akashusha vitu vyote, akavirudisha chumbani mahali pake, maana hapakuwa na mahali pengine. Akaketi sakafuni katikati ya vitu hivyo, akala njugu za mama. Majirani walikuwa wamekwisha anza sikukuu. Vyakula vilinukia kila upande na watu waliitana kwa majina juu ya kuta za ua. Hakuna aliyemwita yeye. Wote walijua kwamba mtu kama yule usiku wa mwaka mpya amealikwa mahali pazuri zaidi, na yeye mwenyewe alikwisha kataa mialiko yote kwa sababu alidhani angekuwa Hewa Bora. Akalia kidogo, akajipangusa kwa kona ya kikwembe, kisha akakumbuka ni cha nani, akakinyoosha.

Simu ikawaka. Ilikuwa mama.

“Tulisikia redio,” mama akasema.

“Na Yaya?”

“Alikuwa ku mashini ya kushona. Alisema yeye hasikilize, iko na kazi.”

“Aa.”

“Kiisha ukafika pale unauliza. Mashini ikasimama.”

Graciella aliibana simu sikioni.

“Akafungua kinywa,” mama akasema.

“Akajibu?”

“Hapana. Akafunga. Akabakia vile, anaangalia redio. Ile mara ya pili uliuliza, akafungua tena. Kiisha akarudilia kushona.”

Ng'ambo ya ukuta spika kubwa ya jirani ilibadilisha wimbo, na watu wakashangilia. Ilikuwa “Ndoo Moja”, ile ya Guelord. Umeshika? sauti yake ikauliza huko, na sauti yake ikajibu bila kuchelewa. Graciella akainuka, akafunga dirisha, akarudi kuketi sakafuni kati ya samaki na sufuria.

“Mama,” akasema, “unieleze tena. Uanzie pale mashini ilisimama.”